Kizazi cha Sita

Miaka kumi na minane ilikuwa imepita bila Luan Guizhen kumwambia Dou Wanlu hata neno moja, ingawa nyumba zao zilitenganishwa na vichochoro viwili tu na walichota maji kisima kimoja. Kwa hiyo asubuhi ile ya vuli, alipomwona mwanamke huyo amesimama langoni huku yeye yuko juu ya ngazi akipukusa kunazi, Wanlu alidhani kuna mtu amekufa.

Alishuka haraka, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Karibu ndani. Chai ipo."

"Hapa panatosha," alisema Guizhen. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi upande mmoja. "Kuna watu wa mkoa wamefikia ofisi ya kijiji. Wanaandika mitindo ya kale ya mapigano kabla wazee hawajaisha. Wanautaka mkuki wa baba."

"Mimi nimeuacha siku nyingi."

"Usinidanganye, Dou. Kila alfajiri fimbo yako inavuma nyuma ya zizi. Kijiji kizima kinasikia. Tunanyamaza tu."

Wanlu alitazama chini. Zamani Guizhen alikuwa akimwita Kaka Wanlu. Wanafunzi wote wa Mwalimu Luan Deqi waliitana kaka, na yeye, binti wa mwalimu, ndiye aliyewaletea uji.

"Utawaonyesha," Guizhen aliendelea, "lakini jina lako haliandikwi. Kizazi cha tano cha walimu, Luan Deqi. Kizazi cha sita, Luan Baotian."

"Baotian?" Kicheko kilimponyoka. "Guizhen, kaka yako hata ufagio alikuwa hajui kuushika! Kifua kilimbana tangu utoto, na mkuki akauogopa mpaka anaingia kaburini."

"Alikuwa mwana wa baba. Na hakumsomea baba karatasi uwanjani."

Wanlu alikubali.

Karatasi yenyewe aliisoma mwaka ule vijana wenye utepe mwekundu mkononi walipoingia vijijini kuvunja mambo ya kale. Waliichoma mikuki yote ya Mwalimu Luan, na kile kitabu chenye majina ya walimu wakuu kuanzia wa kwanza, kisha wakamtaka mwanafunzi wake mkubwa asimame mbele ya watu amshtaki. Wanlu alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mke wake ana mimba ya miezi saba. Alisoma yote, neno kwa neno, mwalimu amepigishwa magoti mbele yake na kofia ya karatasi kichwani. Baadaye wakamfungia mzee katika banda la nyumbu, wakamweka Wanlu mlangoni alinde.

Siku ya kwanza mzee aliomba maji. Siku ya pili aliomba tena, akimwita kwa jina. Vijana walikuwa wamekaa hatua ishirini kutoka pale, wanamwangalia atafanya nini. Wanlu hakufanya kitu. Siku ya tatu banda lilikuwa kimya, na walipofungua mlango mzee alikuwa ameshapoa.

Mambo hayo hakuna aliyeyazungumza tena. Miaka saba baadaye Baotian aliangukiwa na ukingo wa mfereji waliokuwa wakiuchimba, na nyumba ya akina Luan ikabaki na Guizhen peke yake.

Kesho yake baada ya Guizhen kuja langoni, watu wa mkoa walikutana na Wanlu kwenye uwanja wa kupuria mtama. Walikuwa wawili: mwanamke kijana mwenye miwani, Ndugu Pei, ambaye ndiye aliyeandika, na mwanamume wa kupiga picha. Guizhen aliketi pembeni juu ya jiwe la kupuria, mikono mapajani.

"Kwa hiyo mzee huyu alifundishwa na marehemu kaka yako?" Ndugu Pei aliuliza.

"Alikuwa akichungulia tu wenzake wakifanya mazoezi," Guizhen alisema. "Ana kumbukumbu nzuri."

Wanlu akauchukua mti mrefu aliopewa, akaupima uzito, akaanza.

Pigo la kwanza lilitoka zito. La pili likafunguka, na kufikia la kumi alikuwa ameshasahau kwamba anatazamwa. Miguu ilijua pa kwenda. Mti uliruka, ukarudi, ukachimba, ukajizungusha kiunoni, na vumbi la makapi likamfuata kama moshi. Wanakijiji waliokuwa wakipita na mikokoteni walisimama. Alikuwa na karibu miaka hamsini, magoti yanamuuma, lakini kila pigo lilitoka kama lilivyotiwa mwilini mwake tangu ana miaka tisa, na katika kila moja aliihisi ile mikono migumu ikimshusha mabega. Ndugu Pei alihesabu kwa sauti ndogo.

"Arobaini na saba. Arobaini na nane."

Wanlu alisimama, ncha ya mti imeelekea chini, mguu wa kulia mbele. Hapo ndipo alipokuwa akisimama siku zote. Mwili ulitaka kuendelea, maana mtu hamalizi pambano akiwa amejiacha wazi vile, lakini Mwalimu Luan hakuwahi kumpa zaidi. "Yaliyobaki utapata ukikomaa," alimwambia kila mwaka, mpaka mwaka ule.

Alimgeukia Guizhen. Mkono wa kulia wa Guizhen ulikuwa umejikunja pajani, na kidole gumba kimejigeuza ndani, kama mtu anayeuvuta mpini kwa nyuma. Kisha akaufungua.

"Ndio mwisho?" Ndugu Pei aliuliza.

"Ndio mwisho," alisema Guizhen.

Watu wa mkoa waliposhukuru na kuondoka, Wanlu alimfuata kichochoroni.

"Yapo mengine," alimwambia akihema. "Wewe unayajua."

"Yapo matatu."

"Nani alikufundisha?"

"Nani mwingine? Baotian alikuwa hafundishiki, na hayo matatu yalikuwa ya watu wa damu yake tu. Baba alinifundisha jikoni, mlango umefungwa, kwa mpini wa koleo."

"Basi kwa nini hukuwaambia? Guizhen, sasa imeandikwa nusu! Mtu akiufuata mkuki ule kama ulivyoandikwa, atauawa kwenye pigo la arobaini na nane."

"Waandike hivyo hivyo."

Wanlu alipiga magoti palepale, mbele ya watoto waliotoka shule. "Usinifundishe mimi. Mfundishe mtu yeyote. Mwite yule binti wa miwani arudi."

"Inuka, unajiaibisha." Sauti yake haikupanda. "Baba alikuomba maji, Wanlu. Maji tu. Kisima kiko pale."

Akaingia kwake, akakomea mlango.

Wanlu alirudi mara nne majira yale ya baridi, na mara zote nne hakufunguliwa. Mwaka wa pili, theluji ilipoanza kuyeyuka, majirani walimkuta Guizhen amekufa kitandani, tanuri la kupasha kitanda joto limezima. Hakuna aliyemwomba Wanlu asaidie kubeba jeneza. Alisimama mbali, kwenye mashamba yenye udongo wa chumvi, hata walipomaliza kufukia.

Kitabu cha mkoa kilitoka, na jina la Luan Baotian lilikuwa mahali pake, herufi nzuri nyeusi, na chini yake mapigo arobaini na nane yaliyochorwa moja moja. Mtindo ukapata wapenzi. Wakati Wanlu ana miaka sabini na mitatu, vijana sita kutoka mjini walishuka kwenye basi wakiwa na mikuki ya dukani, wakamtafuta mzee aliyewahi kuuona mtindo ule.

"Babu, ni mapigo arobaini na nane, siyo?" aliuliza kiongozi wao, akiinama kwa heshima.

Wanlu aliitazama mikuki yao.

"Arobaini na nane."

"Na Mwalimu Baotian, alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkali," alisema Wanlu. "Alikuwa mkali sana."

Vijana wakacheka, wakafurahi, wakajipanga uani. Mmoja alikuwa anainua kiwiko mno. Mzee alisogea taratibu, akakishusha, akawaambia waanze upya.