Picha Tatu za Mti Mmoja

Picha ya kwanza ilipotokea ukutani, Gundi alikiona kile kitovu. Kilikuwa kwenye gome la mti, kushoto kwa tangazo, juu kidogo ya msumari: kovu la tawi lililokatwa zamani, limetokeza kama kitovu cha mtoto mchanga. Picha ya pili ikaja, na kitovu kikaja nayo. Ya tatu aliipiga kwa kuchuchumaa, akidhani kitovu hakitaonekana, lakini hata huko kitovu kilimfuata.

Ukumbini mwa baraza hakuna aliyeshtuka. Watu husoma tangazo, hawasomi gome la mti.

Jina la Gundi alipewa na wenzake ofisini, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja kazi yake imekuwa kubandika matangazo ya mipango miji. Ardhi ikitaka kubadilishwa matumizi, yeye ndiye abebaye nyundo na vibao vitatu, avipigilie kuzunguka eneo, avipige picha, kisha atie sahihi fomu inayosema kwamba vilisimama siku thelathini. Wenzake humtania kwamba hata mtoto wa chekechea anaiweza kazi hiyo. Lakini ndani ya siku hizo thelathini, na si baada yake, mwenye nyumba anaruhusiwa kuandika pingamizi.

Safari hii eneo lilikuwa msitu mmoja wenye nyumba ndani yake, ambao sasa ulitakiwa uwe wa ofisi na viwanda. Kibao kimoja kilipaswa kuwekwa barabara ya chini, viwili njia ya juu. Cha chini alikipigilia vizuri, kwenye mti wenye kitovu. Njia ya juu alikutana na mbwa wawili wa nyumba mpya ya pale mwanzoni, hawajafungwa, midomo wazi. Gundi anawaogopa mbwa kuliko anavyoogopa radi. Siku zote akienda huko kwa shangazi yake, shangazi humngoja pale pale na fimbo, akampitisha huku akiwatukana mbwa na mwenye mbwa. Siku ile alikuwa kazini, peke yake. Alitimua mbio mpaka kiatu kimoja kikamvuka. Akarudi kwenye mti wa chini, akaupiga picha mbili zaidi, na vile vibao viwili akavitia kwenye droo, chini ya mafaili.

Alijiambia atamweleza shangazi kwa mdomo Jumapili. Jumapili hiyo akamkuta shangazi yu kitandani na homa. Jumapili ya pili aliona haya, maana angeulizwa mbona hakuna kibao. Ya tatu alijidai ana kazi nyingi. Ya nne hakwenda kabisa, na siku zikaisha. Watu wa barabara ya chini waliandika pingamizi, mpaka wa eneo ukasogezwa, nyumba zao zikapona. Nyumba tisa za njia ya juu zilibaki ndani ya ramani, ya shangazi ikiwa mojawapo. Baraza likipitisha leo, wataambiwa wahame.

Shangazi alisimama pale ukumbini, safu ya tatu, ameshika ile fimbo.

"Mheshimiwa, sisi kule juu hatukuona kibao. Hata mmoja wetu. Mimi nimejua juzi, niliposikia watu wanapigilia vigingi nyuma ya jiko langu. Nikawauliza, nyie mmepotea? Wakasema hapana, mama, wewe ndiye uliye kiwandani."

Watu walicheka. Gundi hakuweza. Aliikalia mikono yake.

"Pole, mama," mwenyekiti alisema, na hakuwa mtu mbaya. "Lakini picha hizo hapo, mbili ni za njia yenu ya juu. Na aliyebandika ametia sahihi. Yupo hapa, karani wetu, yule pale."

Shangazi aligeuka. Uso wake ulifunguka vile ulivyokuwa ukifunguka pale njiani, penye mbwa.

"Huyu? Huyu nimemlea mimi tangu hajaota meno. Kama ni yeye aliyebandika, basi kilikuwapo. Macho yangu siku hizi hata sindano yananikatalia. Itakuwa nilipita bila kuona. Nisameheni, nimewapotezea muda."

"Shangazi wee!" jirani mmoja alimaka. "Sisi sote ni vipofu?"

"Mtoto wangu hasemi uongo," shangazi alimjibu, akakaa.

Ofisa mipango alimwinamia Gundi sikioni. "Umeona? Yameisha hayo."

Gundi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Aliiona fomu na mstari wake wa chini, ule unaotaja mashtaka kwa atakayetia sahihi ya uongo. Alijiona akimwaga unga, na mumewe hana kazi mwaka wa pili sasa. Zaidi ya yote aliuona uso wa shangazi utakavyojifunga, labda usifunguke tena mbele yake. Angeweza kukaa kimya. Kukaa kimya kulikuwa rahisi, hata kupumua kulikuwa kugumu zaidi.

"Basi tupige kura," mwenyekiti alisema. "Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mkono mmoja ulipanda. Wa pili. Gundi akajikuta amesimama, kiti kikaanguka nyuma yake kwa kishindo.

"Karani, vipi?"

Alizunguka meza akaelekea ukutani, akijishikiza kwenye migongo ya viti, na alipofika usawa wa safu ya tatu shangazi alimshika mkono.

"Unaumwa, mwanangu? Shika hii, usije ukaanguka."

Alimtilia fimbo mkononi. Gundi aliipokea, kwa kuwa kweli angeanguka, akaenda nayo mpaka mbele, ikigonga sakafu kila hatua. Mikono iliyokuwa juu ilishuka mmoja mmoja. Hakuthubutu kugeuka.

"Naomba," alisema, "naomba turudi kwenye picha ya kwanza."

Picha ikarudi. Aliinua ile fimbo, akaiweka ncha yake juu ya kitovu.