Chupa ya Emil Hudak

Roslyn Hudak aliingia kituo cha mafuta kununua maziwa tu, akamkuta mumewe amebandikwa kwenye chupa.

Ilikuwa chupa kubwa ya kioo, ile ya matango ya siki, imeoshwa vizuri na kutobolewa kifuniko. Picha ilimwonyesha Emil siku ya mawindo, kofia ya rangi ya chungwa kichwani, ndevu za siku nne, meno yote nje. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: TUMSAIDIE EMIL APATE MOYO MPYA. Ndani mlikuwa na noti za dola moja moja, sarafu, na kifungo cha shati.

"Si moyo mpya," Roslyn alimwambia mama wa kaunta. "Ni vali, kilango cha moyo. Moyo anao."

"Pole, Roslyn. Sisi tulidhani tu..."

"Nani kaileta?"

Mama wa kaunta akatazama dari. Hata hivyo mwandiko ule ulijieleza wenyewe. Ulikuwa wa Bernadine, dada yake Emil, mwanamke aliyeamini kwamba hakuna janga duniani lisilotulizwa na chupa na kalamu. Roslyn alilipia maziwa, akaikumbatia chupa, akatoka nayo. Mtu aliyekuwa kwenye foleni alimwambia kwamba hiyo ni hela ya mgonjwa. Akajibu bila kugeuka kwamba yeye ndiye mke wa mgonjwa.

Njia nzima alikuwa akichemka. Hasira yenyewe haikuwa ya Bernadine, ingawa Bernadine ndiye angekuwa wa kwanza kuionja. Kwa miaka kumi na tisa Roslyn alikuwa amepika katika jiko la shule ya mji, na kila baada ya wiki mbili, kabla hajauona mshahara wake, bima ilikuwa imeshachukua chake. Hakuchelewa kulipa hata mara moja, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kama anataka. Sasa vali ya moyo wa Emil ilikuwa imekakamaa, hapandi ngazi za nyumbani bila kuketi katikati. Mapafu yake yaliliwa zamani na vumbi la kiwanda cha chuma, kwa hiyo daktari wa moyo alisema hathubutu kumpasua kifua. Vali mpya ataipitisha kwenye mshipa wa paja. Siku ikapangwa, Jumatano ya tarehe kumi na sita. Halafu ikaja barua ndefu ya bima, na ndani yake maneno matatu: si lazima kitabibu. Maana yake apasuliwe kifua kama wengine, akifa, basi. Roslyn alipiga simu mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja walimpiga danadana.

Nyumbani aliwakuta Emil na Bernadine wakinywa kahawa jikoni, Bernadine mguu mmoja kaunyoosha juu ya kiti. Chupa ikatua mezani kwa kishindo.

"Wifi, hii nini?"

"Msaada," alisema Bernadine, bila haya wala wasiwasi. "Na si hiyo tu. Zimamoto wanapika tambi Alhamisi, sahani kwa mchango. Mji mzima unakuja."

"Nani kawaomba?"

"Haombwi mtu! Ndivyo tunavyofanya siku zote. Tulimfanyia mtoto wa Yoder. Tukamfanyia yule mwalimu wa muziki."

"Na yuko wapi huyo mwalimu wa muziki?"

Bernadine akanywa kahawa yake. Mwalimu wa muziki walikuwa wamemzika Februari, mchuzi wa tambi zake ukiwa bado kwenye friza ya ukumbi.

"Mngeweka hata picha niliyonyoa," Emil alisema, akiigeuza chupa. "Hapa naonekana kama mtu aliyeiba kulungu."

"Wewe nyamaza, unahema."

"Nahema hata nikinyamaza, mke wangu. Bora niongee."

Roslyn hakucheka. "Nisikilizeni wote wawili. Mimi nimelipa. Nimelipa nikiwa mzima, nimelipa nikiwa na homa, miaka kumi na tisa. Sasa majirani zangu, ambao nao wanakatwa kama ninavyokatwa, walipe tena kitu nilichokwisha lipia? Halafu wale jamaa wa bima wakae huko ghorofani wakitucheka? Sitaki. Mwenye deni hapa si Emil, ni wao!"

"Kiburi hicho kitamuua kaka yangu," alisema Bernadine.

Lile neno lilimwingia Roslyn barabara, kwa sababu alikuwa ameshajiambia mwenyewe akiwa bafuni, bomba likiwa wazi ili Emil asisikie. Aliogopa. Aliogopa Jumatano kuliko kitu chochote alichowahi kukiogopa. Lakini kila alipofikiria kuipitisha ile chupa, woga uligeuka hasira, na hasira aliijua namna ya kuitumia.

Bernadine aliinuka, akajishika kwenye meza, akaelekea mlangoni akichechemea.

"Na huo mguu?" Roslyn akauliza.

"Baridi tu."

"Ulisema baridi hata Julai, kwenye joto kali."

"Shughulika na mumeo," alisema Bernadine, akaufunga mlango.

Jioni ile alikuja Denny Petrak, mkuu wa zimamoto wa kujitolea, jitu la miraba minne lililozima nusu ya moto wa wilaya ile na lililomwogopa Roslyn tangu enzi za kupanga foleni ya chakula shuleni.

"Dada Roslyn, nimesikia hutaki tambi. Sasa nifanyeje? Nimeshanunua ratili tisini."

"Utazipika. Tena nitazipika mimi, ninyi huwa mnaziivisha mpaka zinakuwa uji. Ila mlangoni usiweke sanduku. Hakuna kulipa."

"Watu watakula bure?"

"Watalipa kwa kukaa. Nitapiga simu, na hatoki mtu mpaka niikate. Kile kipaza sauti cha mchezo wa bingo bado kinafanya kazi?"

Denny akajikuna shingo. "Kinapiga kelele kidogo."

"Vizuri," alisema Roslyn. "Na mimi pia."

Ilikuwa Alhamisi kwa sababu Ijumaa mji mzima huwa kwenye mpira wa shule. Saa kumi na moja jioni ukumbi wa zimamoto ulikuwa umejaa pomoni, harufu ya mchuzi wa nyanya na mkate wa kitunguu saumu mpaka kwenye maegesho. Emil walimkalisha karibu na mlango apate hewa, na kila aliyepita alimgonga bega kama anagonga gogo kujua limeoza au bado. Roslyn alipakua sahani mpaka ya mwisho. Kisha, na aproni yake, akapanda kwenye jukwaa la bingo, akaweka simu yake chini ya kipaza sauti, akabonyeza namba ambayo vidole vyake vilikuwa vimeikariri.

Mashine ikaitika. Bonyeza moja. Bonyeza nne. Sema kwa ufupi shida yako. "Mume wangu," alisema Roslyn. Mashine ikasema haikuelewa.

Halafu ukaanza muziki wa kusubirisha, ule wa filimbi unaozunguka palepale bila kufika popote. Roslyn alijiandaa kuomba radhi kwa ajili ya ule muziki. Kabla hajafungua kinywa, mzee mmoja wa meza ya tatu akaanza kuuimba kwa pua. Jirani yake akaudaka. Meza ya wauguzi wastaafu ikaingia, kisha dereva wa basi la shule, na punde nusu ya ukumbi ilikuwa ikivuma wimbo ule, kila mtu akijua ni wapi filimbi inapanda na wapi inakatika ghafla. Hakuna aliyekosea. Bernadine naye, kwenye meza ya kahawa, aliuimba wote huku akipanga vikombe.

Roslyn aliwatazama. Alikuwa amedhani anawaletea habari wasiyoijua.

Baada ya dakika arobaini sauti ikatokea. "Asante kwa kusubiri, naitwa Marisol, simu hii inarekodiwa."

"Hata huku, binti. Uko kwenye spika na watu mia mbili wanakusikiliza. Naitwa Roslyn Hudak. Nataka kujua kitu kimoja. Daktari aliyekataa mume wangu atengenezwe moyo ni daktari wa nini?"

"Samahani, mama, sina ruhusa ya kutoa habari hiyo."

Ukumbi ukalipuka. Mtu akapiga meza. "Muulize yeye mwenyewe analalaje!" "Mwambie aje hapa aone!" Mwingine akamtupia Marisol neno ambalo Roslyn asingeliruhusu jikoni kwake. Kwenye spika ikasikika pumzi ya yule binti, fupi na yenye kutetemeka.

Roslyn aliijua pumzi ile. Ni ya mtu aliyevaa aproni, anayetukanwa kwa chakula ambacho hakukinunua yeye.

"Nyamazeni!" aliwakemea, kwa sauti ileile iliyowanyamazisha vijana wengi wa pale wakiwa darasa la tatu. Alizima kipaza sauti, akaondoa spika, akaiweka simu sikioni. "Sasa niko mimi tu. Nisamehe, mwanangu. Wewe huna kosa."

Marisol akasema polepole, "Mama Hudak, una swali lolote kuhusu ukurasa wa kumi na moja wa barua yako?"

"Swali langu ni la daktari."

"Naelewa. Mimi naruhusiwa kusoma yale tu ninayoulizwa." Akapumua. "Una swali lolote kuhusu ukurasa wa kumi na moja?"

Roslyn alikuwa ameisoma barua mpaka ukurasa wa pili, pale palipomchoma. Alimwashiria Denny amletee mkoba, akaitoa barua, akaifunua mpaka nyuma kabisa, kwenye maandishi madogo kama mchwa.

"Ninalo," alisema. "Nisomee wote. Taratibu."

Marisol akasoma, neno kwa neno. Mgonjwa ana haki ya kudai faili lake, pamoja na jina la aliyelipitia na taaluma yake. Mgonjwa ambaye kusubiri kunahatarisha maisha yake ana haki ya kuamuliwa haraka na madaktari wa nje wasioajiriwa na kampuni, katika saa sabini na mbili, na watakachoamua ndicho kitakachofuatwa.

"Naweza kulidai hilo faili leo?"

"Ukiomba, naweza kulituma sasa hivi."

"Naomba. Binti, kuna watu wangapi wanaouliza ukurasa huu?"

"Wewe ni wa kwanza wiki hii," alisema Marisol, na sauti yake ilikuwa imeshatulia.

Faili liliingia kwa faksi ya zimamoto, kurasa ishirini na sita, watu wakiwa wanakula keki. Roslyn alilipekua kwa kidole chenye mchuzi, akasimama, akakiwasha tena kipaza sauti. Kikapiga kelele, naye akakingoja.

"Aliyekataa moyo wa Emil," alisema, "ni daktari wa ngozi."

Kilichofuata kilikuwa kati ya kicheko na mngurumo. Emil akanyoosha mkono kutoka mlangoni. "Basi muulizeni kuhusu hili baka langu la shingoni!"

"Na ninyi mkifika nyumbani," Roslyn aliendelea, "tafuteni barua zenu. Najua mnazo. Wimbo ule haujifunzi mtu kanisani. Fungueni ukurasa wa mwisho, kisha mje mniambie."

Ijumaa asubuhi daktari wa moyo aliandika kwa mkono wake kwamba kusubiri kutamuua mgonjwa, na kufika saa nne karatasi zote zilikuwa zimeondoka kwenda kwa madaktari wa nje. Jumatatu asubuhi na mapema simu ikalia Roslyn akiwa shuleni anamenya viazi. Alikuwa bwana wa bima mwenye sauti laini ya mtu aliyekwisha kula. Madaktari wa nje hawakuwa hata wamemaliza, alieleza, lakini kampuni imelitazama upya suala hili na, kwa hisani, imeamua kuruhusu matibabu.

Roslyn akajishika kwenye sinki. Emil atatengenezwa. Angeweza kusema asante akakata, na asilimia tisini ya mwili wake ilitaka kufanya hivyo.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa hisani, mama."

"Hisani ni keki ya jirani. Hii nimeilipia. Andika kwenye rekodi yako kwamba mteja anasema hii si hisani, na kwamba mlikosea."

"Mama, siwezi kuandika kwamba tumekosea."

"Hukuambiwa uandike unavyosema wewe. Andika ninavyosema mimi. Viazi vyangu havina haraka."

Zikasikika funguo za kompyuta.

"Sasa nisomee."

Yule bwana akakohoa. "Mteja anasema... hii si hisani. Mteja anasema kampuni ilikosea."

"Vizuri sana. Siku njema," alisema Roslyn, akakata simu, akakaa juu ya gunia la viazi, akalia mpaka aproni ikalowa.

Jumatano Emil aliingizwa chumba cha upasuaji saa moja asubuhi. Saa tano alikuwa macho, akilalamika kwamba paja linawasha na kwamba chakula cha hospitali ni laana. Rangi ilikuwa imemrudi midomoni. Roslyn alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi hakuhesabu pumzi zake.

Siku ya tatu aliirudisha chupa kwenye kituo cha mafuta. Noti na sarafu alikuwa amezikabidhi kwa Denny kwa ajili ya mipira mipya ya kuzimia moto. Kifungo alikishona kwenye shati la Emil. Picha aliibandua. Mahali pake aliandika: UMEKATALIWA? WEKA BARUA HAPA. ALHAMISI TUNAPIGA SIMU.

Kufika Jumatano iliyofuata kifuniko kilikuwa hakifungi. Aliimwaga chupa kwenye meza ya jikoni, akavaa miwani. Barua ya chini kabisa, iliyotangulia kuingia, ilikuwa imekunjwa na kukunjwa mpaka ikawa ndogo kama stempu, karatasi imeanza kupasuka kwenye mikunjo. Ilikuwa ukurasa wa kwanza tu, wa mwaka juzi. Upasuaji wa nyonga, si lazima kitabibu. Jina la mgonjwa: Bernadine Hudak.

Roslyn aliisoma mara mbili. Kisha akachukua funguo za gari, akampigia wifi yake.

"Vaa viatu," alisema. "Na ule ukurasa wa kumi na moja umeutupa wapi?"