Inavuma, Baba Watoto

Fundi alikuwa nusu kiziwi, mtaa mzima ulijua. Kuishi na kichwa ndani ya injini kulimla masikio. Lakini gari halikumshinda, maana alikuwa na masikio ya mkewe: yeye akiwasha swichi, mkewe anainama kwenye tangi kusikiliza kama pampu ya mafuta inavuma. Akisema inavuma, basi inavuma. Wateja waliwatania, "Fundi ni mama, mzee ni spana tu!"

Siku hiyo utani ulikwisha. Mama alilala nyuma ya gari lao kuukuu, lenye kitanda na jiko ndani, ambalo ndilo lilikuwa nyumba yao. Tumbo lilimvimba, likawa gumu kama ubao. Binti yao alipiga simu kutoka hospitali alikofanya kazi: madaktari wanamsubiri kumpasua, apelekwe upesi, la sivyo atatuma gari la wagonjwa. Mama akaidaka simu. "Usitume. Baba yako anamalizia, tunakuja." Na gari lenyewe, laana gani hii, haliwaki!

Tangi lilikuwa chini ya kitanda kile kile. Fundi akawasha swichi, akapaza sauti, "Pampu inavuma?"

"Inavuma," akajibu mama.

Basi kama pampu ni nzima, kasoro iko kwenye umeme. Akang'oa plagi, akazisugua. Wapi! Akakagua nyaya, akabadilisha koili, huku akilitukana gari na ukoo wake wote. "Bado inavuma?"

"Inavuma, baba watoto. Pole na kazi."

Jua likapanda, likaanza kushuka. Fundi mwingine yeyote angeanza kwa kufungua mpira wa mafuta kwenye injini aone kama yanafika. Huyu hakufungua. Amkague mkewe kwa lipi?

Alipoufungua hatimaye, hakikuwa kimebaki kingine cha kujaribu. Mkavu kabisa. Akaacha swichi imewashwa, akaingia uvunguni mwa gari, akaishika pampu ubavuni mwa tangi. Haikutetemeka hata kidogo.

Akapanda ndani. "Umenidanganya."

"Nimekudanganya. Wakinipasua sitoki mle. Nilitaka nife hapa, nikikusikia unavyogombana na gari lako. Niache, mume wangu."

Fundi akalia kwa sauti, kama mtoto. Kisha akashuka, akaurudisha mpira, akaigonga pampu kwa nyundo kwa hasira mpaka ikashtuka. Gari likawaka. Akaondoka naye bila kumwomba ruhusa.

Walifika mama akiwa bado na pumzi. Daktari akamgusa tumbo, akatikisa kichwa. Utumbo ulishapasuka, wangefika asubuhi, labda. Alikata roho wakimsukuma kwenye korido.

Binti, alipoambiwa ni pampu tu iliyokwama, akamvaa baba yake. "Fundi mzima, baba! Kutwa nzima unashindwa na pampu? Umemuua mama yangu!"

"Ilinishinda, mwanangu," mzee akasema.

Binti hajamsamehe mpaka leo, na mzee hajamwambia.