Ubeti Uliovuka Bahari

Mwanga wa kwetu Ros Dubh, pwani ya Ayalandi, hauingii kwa kishindo. Unapapasa ukuta wa mawe, unapapasa bahari, halafu unaondoka bila kuaga.

Nawe, Loretta Mannion, uliingia nao Jumapili baada ya misa, kutoka Butte kwenye migodi ya Marekani, na koti jekundu la kuonekana parokia ya pili. Ukaniuliza nyumba ya bibi wa bibi yako. Nikakuonyesha: mawe na upupu. Hukulia. Ulisema tu, "Basi nitauimba wimbo wake hapa hapa, wote."

Wote! Wimbo huo tunaujua, tunaunyonya na maziwa. Kabaila akatuma watu wake, paa la kina Mannion likashushwa, likachomwa. Mtoto akafa chini ya ukuta, kwenye theluji. Tunaimba hadi hapo, tunafuta macho, tunaagiza bia.

Ubeti wa mwisho hatuuimbi. Ubeti unaomtaja jirani aliyechukua shamba kabla majivu hayajapoa. Huo ulipanda meli na watu wako. Huku ulimezwa, na kumeza, nasema mimi, si kusahau.

Jirani yule alikuwa Kyne. Na Festus Kyne, kitukuu chake, usiku ule alikuwa kwenye kona ya baa, fidla magotini.

Nilikueleza yote, Loretta, nikakuonyesha Festus kwa kidole. Nikakwambia: imba.

Bairbre, mwenye baa, akanivuta shati. "Tadhg, vita vyako kapigane na serikali. Mimi kesho nawauzia hawa hawa."

"Vizazi vitano tumenyamaza, Bairbre!"

"Na kila Pasaka unakula kondoo wa Festus. Mdomo ukijaa nyama, historia huikumbuki?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kisha fidla zikanyamaza, ukafumba macho, ukaanza. Kiayalandi chako kilikuwa cha kuungaunga, kikavu kama mkate wa safari, lakini sauti, ee sauti! Sauti ilikuwa ya hapa, ya udongo huu, ya mvua hii.

Kwetu anayeimba wimbo mzito haachwi peke yake. Mtu huinuka, humshika mkono, huuzungusha polepole, kama anayemsaidia kuteka maji kisimani. Haombwi mtu. Anayeguswa ndiye huinuka.

Wimboni paa likashuka, hakuinuka mtu. Mtoto akafa, hakuinuka mtu. Walitazama bia zao, maana walijua wimbo unakoelekea. Nikasema moyoni: waoga, waoga wa kurithi! Nikanyoosha mkono wangu.

Festus akanitangulia. Aliweka fidla kitini, akauchukua mkono wako, akaanza kuuzungusha.

Ukafumbua macho. Ukamtambua. Sauti ikakwama mlangoni mwa jina.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Baba alitufundisha ubeti huu, milango imefungwa. Sisi hatujawahi kuupoteza."

Hukuweza. Basi akauimba yeye, kwa sauti mbovu ya mchunga kondoo: shamba, majivu, mtoto, na jina. Kyne. Jina lake. Alilitamka mbele yetu sote, na mkono wake haukuacha kuzunguka.

Maisha yangu yote nimepigania ubeti ule, barabarani, kanisani, kwenye mikutano. Siku ilipofika, Loretta, nilikuwa nimesimama katikati ya baa, mkono umenyooka, na hakuna aliyeuhitaji.

Bairbre akausukumia mkono ule glasi. "Kaa chini, Tadhg," akaninong'oneza. "Sikiliza."