Makaroni ya Maharage

Florentine alimwekea mumewe bukari, ugali wa mihogo, na samaki, kama kila adhuhuri, akashangaa kuona hasogei kunawa mikono.

"Mi nimesha kula, Mama Lévi," Dominique alisema. "Kwa Marlène."

Alilisema kama mtu anayetaja hali ya upepo ziwani. Florentine akafunika sahani, akaketi, akangoja maelezo. Kwao Pweto, ng'ambo ya ziwa, mwanamume huweza kula msibani, ukweni au safarini, na hakuna atakayemuuliza. Lakini mwenye mke nyumbani akirudi ameshiba chungu cha mwanamke mwingine, majirani hupata la kusema.

"Ni maharage tupu," Dominique aliendelea. "Anasaga maharage, anakata sawa na makaroni ya dukani. Nesi si alisema maharage haina shida? Na utamu wake! Na vile ule mama iko safi!"

Utamu Florentine angeweza kuusamehe. Lile neno la usafi ndilo lililomchoma.

Dominique aliugua sukari tangu masika. Kliniki walimpa vidonge, na nesi Mulenga akamwambia apunguze bukari na wali, na makaroni ayaache kabisa. Hilo la mwisho lilimuumiza. Aliyapenda makaroni tangu ujana wake Lubumbashi, ya nyanya na kitunguu kingi. Florentine alifuata maagizo yote. Alipunguza bukari, akaongeza mboga, akaficha mafuta. Mumewe alikula kimya kama mfungwa, akaondoka kimya kwenda kununua chisense, dagaa wake wa biashara, kwa wavuvi wa kisiwa cha Kilwa. Sasa huyo Marlène, mjane kutoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala, mwenye shamba la maharage huko, alikuwa amefungua meza ya chakula karibu na soko la Kashikishi, na Dominique alikuwa ameanza kunyoa ndevu asubuhi.

Jirani yao Chouchou, aliyeuza vitumbua, hakukawia.

"Mama Lévi, nasikia bwana yako iko na mafiga mbili sasa. Moja ya kuota moto, moja ya kula."

"Mafiga ni tatu, Chouchou. Mbili haiinui chungu."

"Haya! Na ya tatu ni nani?"

Wanawake waliokuwa wakingoja vitumbua walicheka hadi wakashikana mabega. Florentine naye alicheka, maana kutocheka kungekuwa vibaya zaidi.

Siku iliyofuata alikwenda sokoni, akasimama nyuma ya mifuko ya chisense, akatazama. Hakuona kosa. Marlène aliweka sahani mezani, akarudi kwenye chungu chake bila kuketi. Dominique alisema neno, watu mezani wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, kichwa nyuma, meno yote nje. Basi. Laiti Florentine angeona mkono juu ya bega, angejua la kufanya. Lakini alichoona ni kicheko, na nyumbani kicheko hicho kilikuwa hakijasikika tangu masika.

Akaamua kupika makaroni hayo mwenyewe. Alipeleka maharage kwenye chigayo, yakasagwa pamoja na maganda yake, akakanda unga kwa maji, akausukuma kwa chupa, akakata nyuzi. Zilipoingia kwenye maji yanayochemka, zikavunjika. Dakika chache baadaye alikuwa na uji wa kahawia.

"Hii ni supu?" Dominique aliuliza, bila ubaya. Akaila yote kwa kijiko, na kesho yake akala kwa Marlène.

Njia ya mkato ilikuwa kwenda kumuuliza Marlène. Florentine alilifikiria jambo hilo akifua, na kila alipolifikiria alikamua nguo kwa nguvu zaidi. Kumwomba yule mwanamke amfundishe kumlisha mumewe? Afadhali amwachie na kitanda.

Basi mkono wake ukaenda kwenye unga wa mihogo, kama unavyokwenda mkono wa mwanamke yeyote wa ufuo ule kitu kinapokataa kushikana. Kwanza kiganja kimoja. Nyuzi zikashikana kidogo. Akaongeza, akaongeza tena, mpaka maharage yakabaki kuwa rangi tu. Safari hii zilitoka chunguni laini, ndefu, zinazong'aa.

Dominique alitia mdomoni, akafumba macho.

"Mama Lévi! Hii inapita ya Marlène!"

Tangu siku hiyo alikula nyumbani, sahani mbili mbili. Florentine alianza kuimba akiosha vyombo. Alipita hata mbele ya meza ya Marlène kumsalimia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jambo, Mama Marlène. Batu ya kula iko?"

"Bamepunguka kidogo, mama."

"Pole sana," Florentine alisema, na alirudi nyumbani amejaa furaha.

Kuhusu mihogo, si kwamba hakujua inavyopandisha sukari. Alijua kama mtu anavyojua kwamba mlango haukufungwa vizuri, lakini hataki kuinuka kitandani.

Kisha Dominique akaanza kunywa maji bila kikomo. Nyayo zikamwaka moto. Florentine alimsindikiza kliniki, akaketi akiwa ameshika kofia ya mumewe huku nesi Mulenga akimchoma kidole na kutazama kipimo.

"Ba tata, sukari imepanda vibaya. Mnakula nini?"

"Maharage! Makaroni ya maharage, kila siku!" Dominique aling'aka. "Ni ule Marlène. Alitudanganya eti maharage ni muzuri. Kesho ntasema mbele ya batu yote kule soko. Ule mama anaua batu!"

Nesi alisema habari za macho yaliyopofuka na miguu iliyokatwa, za watu waliochelewa. Florentine alisikia nusu. Jina la Marlène lilikuwa limetupwa chini, na aliyelitupa ni Dominique mwenyewe. Kilichotakiwa kwake ni kunyamaza tu, na ile meza ingefungwa kabla ya wiki kwisha. Lakini Dominique angerudi nyumbani na njaa, na yeye angempikia tena mihogo ile ile.

Barabarani alisema, "Usiende soko kesho."

"Juu ya nini?"

"Ya Marlène ni maharage. Ya mimi ni mihogo."

Dominique alisimama. "Mingi?"

"Mingi."

"Donc, kumbe Marlène hakudanganya."

Kati ya maneno yote aliyoweza kuanza nayo, alianza na jina lile.

"Mi ndiye bibi yako, na bado unaanza na yeye."

"Ulitaka kuniua juu ya wivu?"

"Nilitaka ukule kwangu."

Walitembea hadi mabanda ya kwanza ya soko. Hapo Dominique akasema kwa sauti ya chini, "Kule nilikuwa nafuata makaroni tu, Mama Lévi."

"Na usafi?"

Alikaribia kucheka, akajizuia, akakohoa. Florentine hakukisahau kikohozi hicho.

Marlène aliwaona wakija pamoja, akafuta benchi. Florentine hakuzungusha maneno. Alimwambia habari ya mihogo, na kwamba amekuja kujifunza. Marlène alimsikiliza, mwiko mkononi.

"Mama yangu alikufa na hii maladi ya sukari," alisema. "Ndiyo nilianza kupika hivi. Na weye, mama, nilikuona ule siku unajificha nyuma ya chisense. Mutu mukubwa vile! Mifuko ilikuwa mifupi."

Florentine aliona aibu, na wivu wake haukupungua hata chembe. Hata hivyo alisogea karibu. Marlène alimwonyesha: maharage huloweshwa, hutolewa maganda, hukaushwa ndipo yasagwe. Unga hukandwa kwa yai, hupumzishwa chini ya kitambaa kibichi. Na nyuzi haziingii majini kamwe. Hupikwa kwa mvuke, juu ya chungu.

Zilipoiva, Marlène alipakua sahani, akamwagia nyanya, akaisogeza kwa Dominique.

Florentine akaishika sahani kabla haijafika.

"Leta, mi ntamupa."

Marlène alimtazama kidogo, akaiachia. Florentine akaiweka mbele ya mumewe, akangoja atie tonge la kwanza mdomoni. Kisha akarudi kwenye chungu, akauliza kama yai ni moja au mawili.