Mimbari Mlangoni pa Nthenya

Jumatatu asubuhi, mwaka ule wa mvua kubwa za elninyo, Nthenya alifungua mlango wa nyumba yake ya Shauri Moyo, mtungi mkononi, akaikuta mimbari ya kanisa imesimama kizingitini. Ilikuwa na tope mpaka magotini. Aliizunguka akaenda mferejini, maana maji ya kaunsili hayamngoji mtu. Aliporudi akaipangusa kwa kitambaa cha kudekia. Mbao zilikuwa na joto, kama mwanambuzi aliyeamka sasa hivi, nayo ikamwegemea. Kisha akasikia jina lake likiitwa kutoka ndani, taratibu, kama mama anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua.

"Abee," akaitika, akaendelea kupangusa.

Wazee wa kanisa walikuja na mkokoteni wakairudisha. Juma lililofuata ikaja tena, na tena. Muthama, mchongaji aliyeitengeneza kwa gogo la muhuhu, aliulizwa kama aliitia miguu ya kutembelea. Akasema aliitia minne, kama alivyoagizwa. Mengine si kazi yake.

"Yenu ina mguu wa safari," alisema Khawla, jirani wa mlango wa pili, akikaanga mahamri yake ya kuuza. "Ya msikitini kwetu imetulia palepale tangu nizaliwe."

"Labda yenu haina wa kumtafuta."

"Na yenu yamtafuta nani, shoga?"

Nthenya akacheka tu. Lakini moyoni alijua. Tangu usichana wake kule Ukambani, maneno ya Mungu yalimjia kama maziwa yamjiavyo aliyejifungua. Waliofiwa walimwita yeye kabla hawajamwita mchungaji. Alichongoja ni mtu amwambie kwamba kukubali si kiburi.

Siku moja wazee wakaja bila mkokoteni. Walikaa, wakavua kofia. Mzee Mativo, mkubwa wao, akakohoa.

"Mama Ndete, Mungu amebisha hodi hapa. Tumeomba, tumeonyeshwa. Amemwita Baba Ndete."

Baba Ndete ni Muoki, mumewe, dereva wa lori la saruji. Kila mimbari ilipokuja, yeye alikuwa barabarani.

"Yuko Malaba," alisema Nthenya.

"Atarudi. Nyumba ni yake, na hodi hupigiwa mwenye nyumba."

Nafasi ya kusema ilikuwa hapo, wala haikuwa na kifuniko. Maneno yalishafika kwenye ulimi: mzee, imeniita mimi, tena kwa jina.

"Mzee, labda..."

"Labda nini, mama?"

Akaviona vikombe vitupu mezani, na wageni ambao hawajatia kitu kinywani. Naye alilelewa hivi: mgeni halishwi jambo zito kabla ya chai.

"Labda mnywe chai kwanza."

Wakanywa. Wakayasifu maziwa. Wakafunga kwa sala, wakavaa kofia zao, na yale maneno yakabaki ndani yake kama uji uliosahaulika mekoni, yakaganda.

Muoki alirudi akakuta ameitwa. Aliupokea wito kama alivyopokea mizigo yote, bila kuuliza ndani mna nini. Akawekewa mikono akiwa ndani ya suti ya kuazima. Wazee wakaipigilia mimbari misumari sakafuni, isije ikamsumbua tena mtumishi.

"Kitendawili," alisema Khawla jioni ile.

"Tega."

"Mgeni kamjia mke, kapokewa na mume."

Nthenya aliinamia karai lake la nguo. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji wenu wote huu? Sitaki. Nataka jibu."

Nthenya akalikamua shati la Muoki, akainuka kwenda kulianika.

Jumamosi moja Nthenya akimpigia shati pasi, Muoki alikaa kitandani, mikono katikati ya magoti.

"Mama Ndete, nikisimama pale sisikii kitu. Ni mbao tu. Wewe ulisikia?"

"Nilisikia jina langu."

Muoki akalitazama shati. "Nikiwaambia wazee, watasema mke wangu amenikalia."

"Watasema."

"Basi... kesho niseme nini?"

Akamwambia. Muoki alikwenda akasema nusu, nusu nyingine ikamponyoka, na watu wakasema kweli huyu ameitwa. Nthenya, kwenye benchi la akina mama, aliimalizia nusu iliyoponyoka kwa kunong'ona.

Usafi wa kanisa ulikuwa kazi ya wanawake, kwa zamu. Wengine walipoifuta mimbari, iling'aa. Alipoifuta Nthenya, ilichipua. Kila kitambaa chake kilipopita palitoka majani mabichi, na baada ya mwezi kichwa cha Muoki kikawa hakionekani.

"Mama Ndete," alisema Mzee Mativo, "majani haya yanamficha mhubiri."

"Yanamficha kweli, mzee."

"Basi yapunguze."

Tangu hapo, kila Jumamosi Nthenya huenda kanisani na kisu chake cha kukatia sukuma wiki. Hupiga magoti, huanza chini kwenye misumari, hupanda akikata chipukizi moja moja. Mimbari humwita anapokata, kwa sauti ileile, na haijamlaumu hata siku moja. "Abee," huitikia Nthenya, na kisu hakisimami. Akimaliza hufuta utomvu vizuri kwa kitambaa kikavu, usije ukamnata mumewe mikononi kesho yake.