Pikipiki ya Rwezaura na Salamu za Njiani

Adelgunda hakuipenda pikipiki ile hata kidogo, lakini sasa, mjane wa miaka kadhaa, ndiyo anayoikumbuka kuliko vitu vyote vya ujana wake. Mumewe Rwezaura, msimamizi wa vitalu vya kahawa pale Bugene, aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa na gia tatu, na kipini cha kuzibadilishia kilikuwa pembeni ya tangi. Rwezaura, Mungu amrehemu, alikuwa kama ajuaye gia moja tu. Angepitaje mbele ya kaya ya watu bila kusalimia? Akimwona mtu, kipini kinarudi gia ya kwanza, injini inalia kwa uchungu, na yeye anauliza habari za watoto, za ng'ombe, za migomba. Petroli ikanywewa kama rubisi, pombe ya ndizi, ya arusi.

Miaka ya vita petroli ikawa adimu. Ndipo ikaja habari kutoka Nyakasimbi kwamba mama yake Adelgunda yu hoi, huenda asifike jioni. Tangini mlikuwa na petroli ya kufikia kwa shida, na kwa miguu wasingewahi.

"Leo usimsalimu mtu," Adelgunda alimwambia. "Nakuomba, waitu, bwana wangu."

Rwezaura alimpakia nyuma, akawasha injini. Alitia gia ya pili, kisha ya tatu, akaiacha hapo hapo. Kwenye miteremko aliondoa gia na kuzima injini, pikipiki ikaserereka kimya, na katika kimya kile kila salamu ilisikika. Wanawake walipiga magoti na vikapu vyao. Yeye shingo ngumu, macho mbele. Wakampita hata mzee Gaudiosus, baba wa ubatizo wa Rwezaura, aliyekuwa amekwisha kusogea kando kuwangoja. Adelgunda, amemshika kiunoni, alimsikia mumewe akilia.

Petroli iliisha, injini ikazimika nje ya ua wa mama. Mama alimtambua binti yake, wakasalimiana ile salamu ndefu ya kwao bila kuruka neno. Jioni akafariki.

Baada ya matanga waliisukuma pikipiki kurudi Bugene. Kila kaya Rwezaura aliegesha, akaingia kuomba radhi. Wengi walicheka tu, wakawapa maji na ndizi za kuchoma. Kwa Gaudiosus alipiga magoti uani, akaeleza yote. Mzee alimwacha aseme mpaka mwisho.

"Ulimfikisha?" aliuliza.

"Nilimfikisha, baba."

"Basi nimesalimiwa."

Akainuka, akaenda nyuma ya pikipiki, akasukuma pamoja nao mpaka mlima ulipokwisha. Adelgunda angetoa chochote leo, aupande tena mlima ule na wanaume wale wawili.